Pumzi na Mizani

Wahenga wa mwambao waliipima dunia kwa miili yao. Shibiri ilikuwa kitanga cha mkono kilichotandazwa, dhiraa ilianzia kiwikoni ikaishia ncha ya kidole, na pima ilikuwa mikono miwili iliyonyooshwa. Nahodha aliyeshusha bildi baharini alikihesabu kina kwa pima hizo hizo, na nafaka ilikwenda sokoni kwa kibaba na pishi. Upungufu wa vipimo hivyo haukumfichikia mtu. Mkono wa mrefu si mkono wa mfupi, na kibaba cha mchoyo huwa na kitako kinene. Kwa kuwa upungufu ulikuwa wazi, watu waliishi nao kwa adabu: walipatana kwanza ni mkono wa nani utakaopima nguo, ndipo wakauziana. Tabu ilianza pale kipimo kilipotiwa ndani ya kijisanduku, kikatoa tarakimu, na ile tarakimu ikavaa joho la yakini.

Mfano mzuri umo katika jambo linaloonekana kuwa la mchezo tu. Katika England na Wales, mtu mzima aweza kumiliki bunduki ndefu ya upepo bila cheti, maadamu nguvu ya risasi itokapo mdomoni mwa bunduki haizidi futi-ratili 12, yaani takriban jouli 16.3. Nguvu hiyo haionekani kwa jicho. Hupatikana kwa kuijua kasi ya risasi, kisha kuipiga hesabu pamoja na uzito wake. Mwaka 1742 Mwingereza Benjamin Robins alieleza namna ya kuipima kasi hiyo kwa bembea zito la mbao: risasi hupiga, bembea huyumba, na kadiri ya kuyumba hufichua kasi. Leo mpiga shabaha hutia mfukoni kijisanduku chenye macho mawili ya mwanga. Risasi ikipita jicho la kwanza saa huanza, ikipita la pili saa husimama.

Lakini udogo una gharama yake. Macho hayo yakiwa yametengana milimita 60, risasi iendayo mita 240 kwa sekunde huvuka nafasi hiyo kwa robo ya sehemu moja ya elfu ya sekunde. Kosa la milimita moja katika mahali inapoonekana risasi ni kosa la zaidi ya asilimia moja na nusu; macho yangetengana milimita 600, kosa lilo hilo lingepungua mara kumi. Na asilimia moja na nusu si kitu cha kupuuza. Risasi yenye uzito wa gramu 0.547 ikienda mita 240 kwa sekunde hubeba jouli 15.8, nayo ni halali. Ikienda mita 245 hubeba jouli 16.4, na mwenye bunduki amekwisha kuvunja sheria. Tena jua kali hulipofua lile jicho, taa za ndani zenye kumetameta hulidanganya, na upepo unaoitangulia risasi waweza kukianzisha kipimo kabla ya wakati wake. Mpiga shabaha mwenye busara hakitupi kijisanduku chake, wala hakiabudu. Hupiga mara kumi akachukua wastani, hukiweka mahali pale pale kila siku, hukilinganisha na kipimo kikubwa anapokipata, kisha hujiachia nafasi chini ya mpaka wa sheria.

Katika nyanda za juu za Kigoma, baina ya Kasulu na Kibondo, saa ndogo ya namna hiyo ina kazi nyingine. Upepo unaopimwa huko ni ule unaoingia na kutoka katika kifua cha mtoto.

Nimonia, ambayo Waswahili tangu zamani huiita kichomi, iliua watoto zaidi ya 700,000 wa chini ya miaka mitano duniani mwaka 2019. Katika zahanati isiyo na mashine ya eksirei, dalili inayotegemewa ni wepesi wa pumzi. Kanuni ya Shirika la Afya Duniani ni fupi kama ubeti. Mtoto wa chini ya miezi miwili akipumua mara 60 au zaidi kwa dakika, pumzi yake ni ya mbio; wa miezi miwili hadi kutimiza mwaka, mara 50; wa mwaka mmoja hadi miaka mitano, mara 40. Chombo ni saa ndogo ya kuhesabia dakika moja. Wazo lenyewe ni la kale. Mwaka 1707 tabibu Mwingereza John Floyer alichapa kitabu juu ya saa aliyoiagiza itengenezwe, yenye kwenda dakika moja tu, ili apate kuhesabu mapigo ya mshipa wa damu.

Tabibu mmoja mzaliwa wa kisiwani alipangiwa kazi katika zahanati ya vilima hivyo, zama ambazo barabara ya Kasulu hadi Kibondo ilikuwa vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika. Alikuta baridi ya asubuhi asiyoijua, ukungu juu ya migomba, na watu wanaoamkiana kwa neno la Kiha, "Mwakeye". Alikuta pia kwamba nchi ile imezoea kupokea wageni. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo. Mwaka 2015 Warundi walipokimbia tena machafuko ya kwao, Nyarugusu ilifurika na kambi ya Nduta, wilayani Kibondo, ikafunguliwa upya. Wenyeji na wageni waliugua maradhi yale yale. Moshi wa kuni, baridi ya usiku na msongamano wa watu chini ya paa moja havimbagui mtoto kwa taifa lake.

Saa aliyokabidhiwa ilikuwa ya duara, nyepesi, ya kuenea kiganjani. Ilikuwa ikigonga kila sekunde, ikilia katikati ya dakika na kulia tena mwishoni. Kasoro yake ya kwanza aliigundua mapema: sikio hufuata kile kinachogonga. Mwenye kuhesabu pumzi za mtoto, kumbe pasipo kujua, huanza kuhesabu milio ya saa, na mlio wa saa daima ni 60. Kasoro ya pili ilikuwa ile ile ya macho mawili yaliyokaribiana. Foleni ikiwa ndefu, mhudumu hushawishika kuhesabu nusu dakika kisha kuzidisha mara mbili. Akikosea pumzi moja, huwa amekosea mbili. Mtoto wa miaka miwili aliyehesabiwa pumzi 19 hutokea kuwa na 38, akarudishwa nyumbani. Angehesabiwa 20 angekuwa na 40, akapewa amoksilini. Ndiyo maana kanuni hutaka dakika kamili. Kichanga cha chini ya miezi miwili, ambaye pumzi zake huenda na kusita kama mawimbi ya maji mafu, akifika 60 huhesabiwa mara ya pili.

Kasoro ya tatu haikuwa ya saa. Mtoto akilia pumzi hupanda, na homa vilevile huipandisha. Kigoma ni mkoa wenye malaria nyingi, na mtoto wa malaria aweza kuhema kama wa nimonia. Kipimo cha haraka cha malaria nacho, kile cha tone la damu juu ya kijibao, kina mipaka yake: aina itumikayo sana hutafuta protini ya kimelea, na protini hiyo husalia katika damu kwa majuma kadhaa baada ya mgonjwa kupona. Vipimo viwili vidogo, kila kimoja na udhuru wake, na baina yao mtoto mmoja.

Asubuhi moja ya masika alikuja bibi amemfunga mjukuu mgongoni kwa kitenge. Mtoto alikuwa wa mwaka na nusu, kimya, macho nusu. Tabibu alingoja atulie, ingawa alikuwa ametulia kupita kiasi, akalifunua shati na kuianzisha saa. Alipata 38. Akahesabu tena dakika nzima, akapata 36.

"Bibi, pumzi haiendi mbio," alisema.

"Mwanangu, jana ilikuwa ikienda mbio," bibi alijibu. "Leo imechoka. Tangu usiku hajashika ziwa la mama yake, na uji nikimtia kinywani unarudi."

Maneno hayo yaliipindua tarakimu. Mtoto asiyeweza kunyonya wala kunywa ana dalili ya hatari, na mwenye dalili ya hatari hupelekwa hospitali haraka, saa iseme itakavyosema. Pumzi iliyopungua haikuwa ya nafuu. Ilikuwa ya misuli ya kifua iliyochoka kufanya kazi, na tarakimu ilikuwa ikizidi kupendeza kadiri mtoto alivyozidi kuzama. Tabibu alimpa dawa ya kwanza, akaandika barua, na gari la mzigo lililokuwa likielekea mjini likasimamishwa. Mtoto alifika akiwa hai, akalazwa, akarudi kijijini baada ya siku kadhaa. Tangu hapo tabibu hakubadili saa. Alibadili mpango wa kazi: kabla ya kuigusa, alimwuliza aliyemleta mtoto, "Mama, wewe umeona nini?" na jibu akaliandika juu ya tarakimu, palipokuwa pakiandikwa tarakimu peke yake.

Wapenzi wa ushairi hawana haja ya kwenda mbali kuuelewa mkasa huu, kwani nao wanaishi na kipimo kidogo. Sheikh Kaluta Amri Abedi, mzaliwa wa Ujiji katika mkoa huo huo wa Kigoma, alitoa mwaka 1954 kitabu cha Sheria za Kutunga Mashairi, akazipanga kwa uwazi kanuni za vina na mizani. Mizani ni hesabu ya silabi, na katika shairi la kawaida mshororo huwa wa 16, nane kila upande. Chombo hicho ni chepesi, hubebwa kwenye vidole vya mkono, na kwa kasoro moja ni mkali mno: silabi ikipungua, sikio la mjuzi hujikwaa. Lakini mizani haipimi uzito wa neno. Mshororo waweza kutimiza 16 na usiwe na uhai ndani yake.

Mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa kisiwa cha Ukerewe, alitoa diwani aliyoiita Kichomi, kwa jina la ule ugonjwa wa kifua, na humo akaacha kufuata vina na mizani. Mabishano yalikuwa makali, na hadi Kezilahabi alipofariki mwaka 2020 hayakuwa yamezimika. Wapo walioona kwamba kipimo kikiondolewa shairi limekufa, na wapo walioona kwamba kipimo ndicho kilichokuwa kikiliziba pumzi. Aliyekaa na saa ya duara kiganjani angewasikiliza wote wawili. Bila hesabu, mtoto wa pumzi 44 anayechekacheka angerudishwa nyumbani na kichomi kifuani mwake, kwa kuwa jicho lilipendezwa. Kwa hesabu tupu, mjukuu wa yule bibi angerudishwa naye. Mwenye kukataa kipimo na mwenye kukitegemea peke yake wangefika kwenye kaburi moja kwa njia mbili.

Mafundi hawakukaa bure. Katika Sudan Kusini wahudumu wa jamii wasiojua kuandika wamepewa shanga za kuhesabia, kila pumzi ushanga mmoja, na rangi ikibadilika hujua kwamba mpaka umevukwa. Mtu wa pwani akiziona hukumbuka tasbihi. Vimetengenezwa pia vifaa vya kuhesabu pumzi vyenyewe, na kipima oksijeni cha kubana kidoleni kimeenea hadi katika zahanati nyingi. Hicho nacho kina lake. Kidole kikiwa cha baridi, kama vidole vya asubuhi za Kasulu, husoma kwa shida. Na utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2020 ulionyesha kwamba kwa wagonjwa weusi kilipitwa na upungufu wa oksijeni karibu mara tatu zaidi ya kilivyopitwa kwa wagonjwa weupe, kwani mwanga wake hupita katika ngozi, na rangi ya ngozi huupotosha. Chombo kipya kilikuja na upofu mpya, na waliokuwa na haja nacho zaidi ndio walioangukia upande wa upofu huo.

Haba na haba hujaza kibaba, lakini ni lazima mtu ajue kibaba chake kina kitako cha unene gani. Manahodha wa zamani walijua. Chini ya bildi walipaka mafuta, ili risasi ile ikipanda ilete pia chembe za mchanga au tope la chini. Kamba iliwaambia pima ngapi, na yale mafuta yakawaambia chombo kiko juu ya nini. Nahodha aliyeisoma kamba bila kuyatazama mafuta aliweza kutia nanga juu ya mwamba, akiwa na hesabu sahihi kabisa ya kina.