Kaburi la Migombani

Mwezi Machi, mvua ya Kyela ikinyesha mchana na usiku, nilikuwa Njisi kwa bibi nikisoma *Mzimu wa Watu wa Kale*. Riwaya hiyo ya Muhammed Said Abdulla ilitoka mwaka 1960, na mpelelezi wake, Bwana Msa wa Unguja, hana haraka. Anavuta kiko, anauliza habari za watu, anasikiliza. Bwana Ali ameuawa, lakini mimi nilivutwa zaidi na yale ambayo watu wa karibu hawayasemi.

Nyuma ya nyumba ya bibi, kati ya migomba na kokoa, kuna kaburi lisilo na jina. Utotoni tuliambiwa ni la mpita njia. Sisi Wanyakyusa huzika watu wetu nyumbani. Mpita njia azikwe hatua ishirini kutoka jikoni?

Nikamuuliza bibi. Aliendelea kupepeta mpaka mchele wa kwenye ungo ukawa safi.

"Ni kifungua mimba wangu," akasema.

Alikuja naye alipoolewa na babu. Usiku mmoja wa mafuriko babu alimwagiza avushe sukari kwenda Malawi. Kijana akasema mto umejaa. Babu akamjibu kwamba mwoga hali kwake. Songwe uliurudisha mwili siku ya tatu.

Hakuna polisi aliyekuja. Babu akawa mzee wa kanisa, akafa akiheshimiwa, na jina la kijana halikutajwa tena.

"Nilikuwa na wengine wanne wa kulisha, mjukuu wangu," bibi akasema. "Ningeenda wapi?"

Kisha akanitajia jina lake, mara mbili.

Katika riwaya, muuaji akishajulikana kitabu kinafungwa. Kwetu, baba mdogo alikuwa amepata mnunuzi wa shamba lile. Nikinyamaza, kaburi litalimwa. Nikisema, ninamvua babu heshima yake mbele ya watoto wake.

Jioni nilimpigia simu baba mdogo. Nikamwambia kule migombani amelala kaka yake, nikataja jina. Nilisubiri aniulize ni nani huyo. Akakaa kimya muda mrefu. Nilisikia mvua tu ikipiga bati.

Kisha akasema, "Nani amekuambia?"