Nani Atie Saini Rodi Kopany

Ukitoka Nairobi kwa basi la usiku, Narok utaipita umelala, Bomet na Sotik utazijua kwa baridi tu, na kukikucha uko Kisii, katikati ya migomba na majani ya chai. Kutoka hapo barabara inateremka hadi Rongo, baridi inakwisha, miwa inaanza. Rongo ni Kaunti ya Migori. Nilishuka nikapanda matatu ya Homa Bay, na punde tukawa tumeingia kaunti nyingine bila mimi kuuona mpaka. Abiria wenzangu hawakuwa na habari nao. Mama niliyekaa naye alikuwa amelala Rongo kwa dada yake, anakwenda kuuza nafaka Rodi, na nyumba yake iko upande wa Ndhiwa. Alinieleza hayo yote kabla sijamaliza kujibu salamu yake.

Mwaka ulikuwa 2013. Serikali za kaunti zilikuwa na miezi michache tu tangu uchaguzi wa Machi. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, na hadi wakati huo kazi yangu ilikuwa Nairobi, kuweka mifumo ya kompyuta katika makampuni makubwa: mishahara, ghala, manunuzi, hesabu. Nyanza sikuwahi kufika. Nilikuwa nimejiunga na timu iliyokuwa ikiweka mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa katika vituo vya afya vya serikali, na kituo changu cha kwanza kilikuwa hapa, karibu na Rodi Kopany.

Rodi ni njia panda. Barabara ya kutoka Rongo kwenda Homa Bay inakutana na ile inayoelekea Ndhiwa na kuendelea hadi Karungu, ufuoni mwa Ziwa Viktoria. Siku ya soko ng'ombe na mbuzi wanaletwa kutoka pande zote, omena wanapanda kutoka ziwani, mahindi na mitumba vinatandazwa hadi ukingoni mwa lami, na bodaboda wanapita penye upenyo wa shilingi. Nilipoteremka na begi la kompyuta mgongoni, kijana mmoja aliniuliza kwa Kijaluo ninakwenda wapi, akaona sielewi, akarudia kwa Kiswahili, akanifikisha kituoni.

Mfumo wenyewe ulikuwa na asili ya jirani, na hilo lilinipa imani nao. Mwaka 2001, katika kituo cha afya cha Mosoriot huko Nandi, madaktari wa Eldoret na wenzao wa Indiana, Marekani, walianzisha kumbukumbu za wagonjwa kwenye kompyuta. Wagonjwa wa virusi vya ukimwi walipoongezeka, ule mpango mdogo ukazidiwa. Mwaka 2004 Paul Biondich na Burke Mamlin wa Taasisi ya Regenstrief walifika Eldoret kutazama tatizo hilo, na kutokana na kazi iliyofuata ikazaliwa OpenMRS, programu huria ambayo nchi yoyote inaweza kuichukua na kuirekebisha. Eldoret ilianza kuitumia mwaka 2006. Wizara ya Afya ya Kenya nayo ikaichukua, ikaivalisha fomu na rejista zetu, ikaiita KenyaEMR. Kuanzia 2012 ilianza kusambazwa, na katika miaka michache ilifika vituo zaidi ya 300. Inakaa kwenye seva ndogo hapo hapo kituoni, kwa hiyo intaneti ikikatika kazi haisimami.

Katika makampuni nilifundishwa kazi kwa utaratibu wa awamu. Kampuni ya Kijerumani ya SAP ilitoa utaratibu wake mwaka 1996, awamu tano: kuandaa mradi, kuchora jinsi kazi itakavyofanyika, kuujenga mfumo, maandalizi ya mwisho, kisha kuuwasha na kukaa na watumiaji. Kila awamu ina mlango, na mlango haupitwi mpaka mwenye dhamana atie saini kwamba iliyotangulia imekamilika. Watu wengi hudhani huo ni urasimu. Mimi nauamini, na baada ya Rodi nauamini zaidi, maana nimeona mlango mmoja ukizuia madhara ambayo yasingerekebishika. Mfano wa kinyume ni Waingereza: walianza mwaka 2002 mradi mkubwa mno wa kumbukumbu za hospitali zao, ukaamuliwa juu na kuteremshwa kwa hospitali kama amri. Mwaka 2011 serikali yao ilitangaza kuuvunja, mabilioni ya pauni yakiwa yamekwisha kutumika. Fedha ilikuwako na wataalamu walikuwako. Madaktari na wauguzi waliopaswa kuutumia ndio hawakuulizwa mapema.

Mpango wetu ulikuwa wa namna hiyo hiyo ya awamu, umepunguzwa kwa kimo cha kituo kidogo. Kwanza ukaguzi: je, umeme upo, chumba kina grili na kufuli, meza zinatosha, na, jambo kubwa sana katika nchi hii ya radi, waya wa arthi umezikwa sawasawa? Fundi aliuchimbua na kuuzika upya. Hayo yalikwenda upesi.

Awamu ya pili ndiyo iliyonipa nafasi ya kuijua Rodi. Tulitakiwa kuichora njia ya mgonjwa kama ilivyo, si kama ilivyoandikwa ukutani. Kwa hiyo nilikaa kwenye benchi pamoja na wagonjwa, nikalifuata faili: dirisha la mapokezi, mizani na kipimo cha presha, chumba cha klinika, famasi, kisha kurudi kabatini. Faili lilikuwa na kadi ya buluu ya wagonjwa wa virusi, MOH 257, iliyokuwa historia nzima ya mtu na dawa zake. Kwenye mchoro wa wizara, mgonjwa anataja nambari yake yenye tarakimu 10, tano za kituo na tano zake, na karani anatoa faili. Nilichokiona ni tofauti. Mgonjwa alikuwa akiingia, na kabla hajasema neno, mama mmoja aliyeketi pembeni ya kabati anainuka, anavuta faili, anampa karani. Hakuuliza jina wala nambari.

Alikuwa mama mshauri, mmoja wa wanawake wanaoishi na virusi ambao hujitolea kuwaongoza kina mama wajawazito wapya. Hakuwa mwajiriwa. Kwenye orodha ya watumishi wa kupewa mafunzo, iliyotoka ofisini, hakuwemo. Lakini ukweli ni kwamba kabati lile lote lilipangwa kichwani mwake.

Ili kuona uzito wa jambo hili, lazima ujue hali ya eneo. Uchunguzi uliofanywa Ndhiwa mwaka 2012 uliwakuta watu wazima wenye virusi wakiwa asilimia 24, karibu mmoja katika kila wanne. Madaktari Wasio na Mipaka walikuwa Homa Bay tangu miaka ya 1990, na mwaka 2001 hospitali ya hapo ikawa miongoni mwa hospitali za kwanza za umma nchini kutoa dawa za ARV. Kwa hiyo palikuwa na watu waliokaa kwenye dawa zaidi ya miaka kumi, wamehama, wameolewa, wamefiwa, wamerudi. Na Rodi, kwa kuwa ni njia panda, ina jambo lake: watu wengi huchagua kuchukulia dawa mbali na kwao. Mfanyabiashara wa kutoka upande wa Migori hutia siri yake kwenye safari ya soko. Yule mama wa kwenye matatu, mwenye malazi Rongo, biashara Rodi na nyumba Ndhiwa, ndiye kielelezo cha maisha ambayo mfumo wetu ulitakiwa kuyaweka kwenye skrini moja.

Kisha yako majina. Mjaluo hupewa jina kwa wakati alipozaliwa: Akinyi wa asubuhi, Achieng wa jua kali, Adhiambo wa jioni, Atieno wa usiku. Andika Atieno kwenye sehemu ya kutafutia, skrini inajaa. Mwanamke huyo huyo aweza kuandikishwa kwa jina la baba, baadaye kwa jina la mume, na mtaani wamwite mama wa fulani au binti wa Ndhiwa. Miaka kumi ya kadi za buluu ilikuwa na yote hayo.

Awamu ya kuhamisha kumbukumbu ilianza. Makarani vijana walichapa kadi baada ya kadi, kwa bidii ya kusifiwa. Tarehe ya kuwasha mfumo ilikuwa imekwisha tangazwa, wageni wamealikwa. Mlango wa mwisho ulisema hivi: ripoti ya mwezi, MOH 731, itolewe na kompyuta, na nyingine ihesabiwe kwa mkono kutoka rejista, na zikubaliane. Hazikukubaliana. Kompyuta ilikuwa na watu wengi kuliko rejista, na pia ilikuwa na orodha ndefu ya waliopotea, yaani walioacha dawa.

Ofisini Nairobi kulikuwa na rai kwamba tuwashe, tofauti isahihishwe polepole. Sista mkuu wa kituo akaichukua orodha ya waliopotea, akaisoma mstari kwa mstari, akamwita mama mshauri wasome pamoja. Halafu akasema, "Sitii saini. Huyu, na huyu, na huyu wako hai, wanachukua dawa hapa. Kompyuta yenu inasema wamepotea."

Mama mshauri akanielekeza kwenye kadi mbili. "Mwanangu, hawa ni mtu mmoja. Hii ni ya alipokuja na mimba, na hii ni ya baada ya kuolewa tena."

Basi kompyuta iliona wanawake wawili: mmoja anakuja kila mwezi, mwingine hajaonekana kwa miaka. Na orodha ya waliopotea haikai kwenye karatasi. Mhudumu wa kijiji anapewa orodha hiyo, anapanda bodaboda, anakwenda kubisha hodi. Fikiria mlango huo uko Migori, mume yuko ndani, na mwanamke huyo alisafiri hadi Rodi kila mwezi ili mlango wake usibishwe hodi ya namna hiyo. Hesabu yaweza kusahihishwa mwezi ujao. Siri ikishatoka haisahihishwi. Nilikubaliana na sista hapo hapo, na niliandika Nairobi kwamba mlango haujapitwa, sababu hii hapa, wageni waambiwe tarehe imesogezwa. Kiongozi wetu wa mradi, kwa heshima yake, aliukubali uamuzi huo bila mabishano.

Tulimwombea mama mshauri ruhusa rasmi ya kazi hiyo, akala kiapo cha kutunza siri kama watumishi wengine, na skrini ikageuzwa kuelekea ukutani. Akakaa kando ya karani. Kadi moja moja, jina moja moja, alisema huyu ni yule, huyu alihamia Mfangano na barua yake ya uhamisho iko kwenye faili, huyu tulimzika. Pale asipokuwa na hakika, alisema hana hakika, na kadi ikawekwa kando hadi mwenyewe aje. Makarani waliunganisha kadi zilizogawanyika. Ripoti mbili zilipotolewa tena zililingana, na sista akatia saini kwa kalamu ya buluu, akataka nakala yake ibaki kituoni.

Mfumo uliwashwa bila hotuba nyingi. Kwa muda karatasi na kompyuta zilikwenda sambamba, kama mpango ulivyotaka, na foleni siku za mwanzo ilikuwa ndefu kuliko kawaida. Mganga wa zamu alichapa kwa vidole viwili huku akimweleza kila mgonjwa kwa nini anachelewa. Fomu yetu ya ukaguzi ikaongezwa safu ya watu wanaolijua kabati bila kuwa kwenye orodha ya mishahara. Kituo kilichofuata kilikuwa kwenye njia ya Ndhiwa, na mama mshauri wa pale alialikwa kikao cha kwanza, kabla fundi hajaleta waya.