MWENDO UNAOKUBAKIZIA PUMZI

Bismillah.

Ndugu zangu katika imani, wengi wenu mnajua kwamba tangu mwaka jana ninakimbia kidogo baada ya swala ya Alfajiri. Daktari alinipima sukari akaniambia haijawa ugonjwa, ila iko mlangoni, niuzoeshe mwili kazi. Mwalimu mmoja wa michezo anayeswali msikitini kwetu akanifundisha namna ya kuanza. Tangu nilipolitaja jambo hili darsani, watu wananiandikia. Kijana mmoja ameandika maneno ambayo sikuweza kuyapita.

Amesema: "Sheikh, nimekimbia siku nne nikaacha. Kifua kiliwaka, miguu ikauma, nikaona mbio si zangu." Kisha chini kabisa akaongeza: "Na kile kisimamo cha usiku nilichoanza Ramadhani nacho kimekatika. Siku hizi hata Alfajiri naiswali jua limeshatoka."

Nilimuuliza siku ya kwanza alikimbiaje. Akasema alitoka kwa nguvu zake zote mpaka akainama kushika magoti. Siku ya pili hivyo hivyo. Na kisimamo cha usiku? Alianza na juzuu nzima kila usiku, naye kabla ya hapo hata witri hakuwa akiiswali.

Ndugu zangu, hizo ni habari mbili, lakini ugonjwa ni mmoja. Tuutazame kwanza kwenye mwili, kwa sababu huko unaonekana kwa macho.

Mwalimu yule aliniambia: mwendo wa anayeanza haupimwi kwa saa, unapimwa kwa ulimi. Ukiweza kusema sentensi nzima bila kukatika pumzi, huo ndio mwendo wako. Ukiwa unatoa neno moja moja, umezidisha. Mimi kipimo hicho nikakifanya kwa adhkari za asubuhi. Nakimbia huku natamka Subhanallah, walhamdulillah, wala ilaha illallah, wallahu akbar. Ikifika mwisho bila kukatika, naendelea. Ikikatika katikati, napunguza, au natembea. Kuna bibi jirani yetu anayefagia uani wakati huo, siku moja akaniuliza, "Sheikh, hizo ni mbio au matembezi?" Nikamwambia, "Shikamoo bibi, ni yote mawili."

Na kweli ni yote mawili. Nilianza na dakika 1 ya mchakamchaka, dakika 2 za kutembea, kwa muda wa dakika 20, mara 3 kwa wiki, na siku ya kupumzika katikati. Baada ya wiki kadhaa ndipo dakika za kukimbia zikaongezeka. Mwenye presha, sukari au maradhi ya moyo aanze kwa daktari, asianzie barabarani.

Kwa nini polepole? Kwa sababu viungo vya mwili havizoei kwa kasi moja. Moyo na mapafu hupata nguvu ndani ya wiki chache. Mifupa ya miundi na kano zinazoshika misuli huchukua miezi. Kwa hiyo unafika wakati pumzi inakwambia "twende" na mfupa bado hauko tayari. Wengi huumia hapo hapo, wakati wanajiona wameiva. Hata Eliud Kipchoge wa Kenya, aliyekimbia kilomita 42.195 kule Vienna mwaka 2019 kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40, mazoezi yake mengi huyafanya kwa mwendo mwepesi kuliko ule wa siku ya mashindano. Sasa wewe uliyeanza Jumatatu unamkimbiza nani?

Roho nayo iko hivyo. Hamasa ni kama mapafu, hujaa haraka. Mazoea ni kama mfupa, hukomaa kwa miezi. Mtu anasikia mawaidha, moyo unalainika, usiku ule ule anajibebesha mzigo ambao mazoea yake hayawezi kuushika. Ukimponyoka, hauanguki peke yake. Unaanguka na vilivyokuwa chini yake.

Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, aliyajua haya kwa umma wake. Imepokewa na Bukhari na Muslim kwamba aliingia msikitini akakuta kamba imefungwa baina ya nguzo mbili. Akaambiwa ni ya Bi Zaynab, akichoka katika swala anaishika. Akaamuru ifunguliwe, akaelekeza kwamba mtu aswali akiwa na nguvu, na akichoka akae. Tazama, ile ilikuwa ibada, na bado akaifungua ile kamba.

Waliokwenda Umra wanaijua tawafu. Wanaume huharakisha mwendo mizunguko 3 ya mwanzo, kisha hutembea 4 iliyobaki. Jambo hili lilianza mwaka wa 7 Hijria, pale Makuraishi waliposema kwamba homa ya Madina imewadhoofisha Waislamu. Ibn Abbas akaeleza kwamba Mtume hakuwaamuru kuharakisha mizunguko yote 7 kwa kuwahurumia tu. Adui anatazama, heshima ya Uislamu iko uwanjani, na bado pumzi ya watu ikahurumiwa!

Lakini msinielewe vibaya. Faradhi haina "nitafika taratibu". Swala tano kwa wakati wake ndiyo ardhi unayokimbilia juu yake. Mwendo tunaoupima ni wa sunna, wa ziada. Kwa hiyo nilimwambia kijana yule: weka juzuu pembeni kwanza. Lala mapema, uiwahi Alfajiri. Ikishasimama, ongeza witri rakaa moja kabla ya kulala. Rakaa hiyo ikishakuwa sehemu ya usiku wako, ongeza mbili. Amali inayopendeza zaidi kwa Allah, kama alivyotufundisha Mtume, ni ile inayodumu hata ikiwa ndogo.

Basi kila mmoja wetu ajipime leo. Ibada unayoifanya, ukiimaliza unabaki na hamu ya kesho, au unashukuru tu kwamba imekwisha? Ukiwa na hamu, mwendo ni wako, endelea. Ukiwa umekatika pumzi, punguza, wala usisimame. Anayetembea bado yuko njiani. Shetani hana shida na wewe kuanza kwa kishindo, maadamu anajua siku ya tano hutoki.

Ewe Allah, tupe afya ya miili ya kukuabudu, utuhifadhie swala zetu, na utujaalie wenye kudumu mpaka tukutane nawe ukiwa radhi nasi. Aamin.

Wallahu a'lam. Mfikishie na mwenzako aliyekata tamaa.