Akili Nayo Huugua

Pale Adams Arcade, kando ya Ngong Road, apitapo mtu anayesema peke yake, wengine humcheka na watoto humkimbia. Lakini kama angeanguka kwa malaria, wangemshika mkono na kumpeleka hospitali.

Ubongo ni kiungo cha mwili kama moyo na ini, nao huugua. Hospitali ya Mathari, iliyo njia ya Thika, ilifunguliwa mwaka 1910 kwa wagonjwa wa akili. Daktari Carothers, aliyeisimamia tangu 1938 hadi 1950, alitoa kitabu mwaka 1953 akidai kwamba Mwafrika hatumii vema sehemu ya mbele ya ubongo wake. Dai hilo halikuwa kweli. Ubongo hauna kabila. Jibu jema lilitoka kwa Mwafrika, Daktari Lambo wa Nigeria: tangu 1954, huko Aro, wagonjwa walikaa vijijini pamoja na jamaa zao huku wakitibiwa, na wengi walipata nafuu.

Basi, ndugu msomaji, umwonapo jamaa yako hapati usingizi, au asikia sauti wasizosikia wengine, usimfungie chumbani. Mpeleke kwa daktari mapema, wala usimwache peke yake.