Twendeni Tukaione Hifadhi ya Burigi-Chato



Je, umewahi kumwona twiga? Sisemi picha yake. Nasema twiga mwenyewe, amesimama, anakula majani ya mgunga.

Wengi wetu tunaoishi Rusumo, Kasulo, Nyakahura na Lusahunga tutajibu hapana. Wageni hupanda ndege kutoka Ulaya na Marekani kuja kuwaona wanyama wetu. Sisi tunalala karibu nao na hatujawaona. Au tumemwona tembo, lakini usiku, shambani, kwa mwanga wa tochi, huku tukipiga madebe.

Mimi ni Bwana Shamba. Nilizaliwa wilaya ya Ngara na kazi yangu ni kutembelea mashamba. Kwa miaka mingi nimefundisha watu kupanda mahindi na migomba karibu na mpaka wa hifadhi. Lakini nilikuwa sijaingia ndani ya hifadhi hata siku moja. Nilipoona aibu ya jambo hilo, nililipeleka kwenye mkutano wa kijiji. Nikasema, "Ndugu zangu, tuchange fedha, tukodi gari, twende tukatembee Burigi siku moja."

Mama mmoja alisimama. Ni mkulima hodari, na darasa la kisomo cha watu wazima alilimaliza akiwa na wajukuu. Alisema, "Bwana Shamba, tembo alikula mahindi yangu. Hakunilipa. Sasa unataka mimi nilipe pesa nikamwangalie?"

Watu walicheka sana. Mimi sikuwa na jibu. Nilimwambia tu, "Mama, twende ukamwambie mwenyewe." Basi, alikuja. Habari zake nitazieleza mbele. Kwanza nikueleze jinsi ya kupanga safari yenyewe.

NI HIFADHI GANI?

Zamani tulikuwa na mapori ya akiba matatu: Biharamulo, Burigi na Kimisi. Mwaka 2019 Serikali iliyaunganisha kuwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato. Ukubwa wake ni kilomita za mraba 4,707. Inagusa wilaya za Ngara, Biharamulo, Karagwe, Muleba na Chato. Ndani yake wako tembo, nyati, twiga, pundamilia, nyamera, korongo na palahala. Wako simba na chui pia. Kwenye mito na maziwa wako viboko na mamba, na kwenye matete yuko nzohe, ambaye anapenda kukaa majini kama mbuzi asivyopenda.

Pori la akiba na hifadhi ya taifa si kitu kimoja. Katika pori la akiba uwindaji wa kibali uliweza kuruhusiwa. Katika hifadhi ya taifa hakuna kuwinda, hakuna kuchunga, hakuna kukata kuni. Kazi yake ni kutunza wanyama na kupokea wageni. Na mgeni ni mtu yeyote anayeingia kwa utaratibu, hata kama amevaa kandambili.

LINI TWENDE?

Nenda kiangazi, kati ya Juni na Agosti. Wakati huo nyasi zimekauka na fupi, kwa hiyo wanyama wanaonekana. Maji ni machache porini, kwa hiyo wanyama husogea karibu na mito na maziwa. Barabara za udongo hazitelezi. Tena mkulima wa kahawa huwa ameanza kushika fedha. Ukienda Aprili utaona nyasi na matope tu, na palizi inakungoja nyumbani.

FEDHA

Tufanye hesabu kidogo. Chukua kalamu. Tuseme kukodi haisi, pamoja na dereva na mafuta, ni shilingi 280,000. Huu ni mfano tu. Bei mtapatana na mwenye gari. Watu ni 14. Gawanya 280,000 kwa 14. Kila mtu atatoa shilingi 20,000. Ukiweka shilingi 2,500 kila wiki, wiki 8 zinatosha.

Juu ya hiyo kuna kiingilio. Raia hulipa kidogo kuliko mgeni wa nje, na mtoto hulipa kidogo kuliko mtu mzima. Gari nalo hulipiwa. Beba kitambulisho cha taifa ili ujulikane kuwa wewe ni raia. Wala usimpe mtu fedha mkononi. Hulipwa kwa namba ya malipo ya Serikali, kwa simu au benki. Ukishalipa, soma ujumbe uliorudi. Jina la mlipwaji ni lipi? Kiasi ni sahihi? Hapo ndipo kusoma kunapookoa fedha.

Kabla ya kuondoka, mtu mmoja apige simu ofisi ya hifadhi. Aulize lango gani liko wazi, barabara ikoje, na kama askari wa hifadhi anaweza kupanda gari pamoja nanyi kuwaonyesha njia. Sisi tuliomba askari, tukampata. Bila yeye tungeona miti tu.

NGUO

Jambo hili nalijua kwa sababu ya kazi yangu. Porini kuna mbung'o, wengine huwaita ndorobo. Mbung'o anapenda rangi ya buluu na nyeusi. Ndiyo maana mitego ya mbung'o hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Kwa hiyo siku ya safari acha kanga ya buluu nyumbani. Vaa rangi ya udongo au majani makavu, mikono mirefu. Kijana mmoja wetu hakusikia. Alivaa fulana nyeusi ya mpira, na mbung'o walimtembelea yeye kwanza, wakatuacha sisi.

Mbung'o huyu ndiye aliyezuia ng'ombe kukaa mapori haya miaka ya zamani, maana analeta nagana kwa ng'ombe na malale kwa watu. Baadaye dawa zilipatikana, na makundi makubwa ya ng'ombe yakaingizwa porini. Yaliondolewa kwa nguvu, na kuna jirani zetu waliopoteza mali nyingi. Siandiki haya ili kumcheka mtu. Nayaandika kwa sababu ndani ya haisi yetu alikuwamo mfugaji wa namna hiyo, na alikaa kimya njia nzima.

TUNAONDOKA

Tulianzia darajani Rusumo, saa 12 asubuhi. Ukiishi karibu na kitu unaacha kukitazama. Basi siku hiyo tulitazama. Juu kidogo ya maporomoko, mto Ruvubu unakutana na maji yanayotoka Rwanda. Yakishakutana ni Kagera. Kagera unakwenda Ziwa Victoria, na kutoka huko maji yanaitwa Naili, hadi Misri. Mwaka 1894 Mjerumani von Götzen alivukia hapa kuingia Rwanda. Siku hizi sehemu ya maji hupitishwa kwenye mtambo wa umeme wa megawati 80, ambao Tanzania, Rwanda na Burundi hugawana sawa.

Tazama pia magari. Kwetu dereva anaendesha kushoto. Rwanda anaendesha kulia. Kwa hiyo lori likivuka hapa lazima libadili upande. Watoto walipenda jambo hilo kuliko maporomoko.

Ng'ambo, mto huohuo ukiufuata kwenda kaskazini, iko hifadhi ya Akagera ya Rwanda. Ilianzishwa mwaka 1934. Baada ya vita vya 1994 watu waliorudi na ng'ombe wao walihitaji ardhi, hifadhi ikapunguzwa karibu nusu. Simba waliua ng'ombe, wafugaji wakawatilia sumu, simba wakaisha kabisa. Mwaka 2015 ilibidi simba 7 waletwe kwa ndege kutoka Afrika Kusini. Mwaka 2017 wakaletwa faru weusi. Kumbe kumaliza ni rahisi, na kurudisha ni kwa ndege. Ukitaka kwenda huko, waulize kwanza Uhamiaji hapohapo mpakani ni hati gani inatakiwa.

Sisi tulishika barabara ya Benaco. Hapo nilimwomba dereva apunguze mwendo.

Mwisho wa Aprili 1994 nilikuwa mtoto. Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja hivi. Walikuja kwa miguu, na magodoro, na sufuria, na wazee mgongoni. Hapa Benaco, mahali penye miti ya shamba na mabanda, palikuwa na mji wa mahema usio na mwisho. Watu wengi namna hiyo lazima wapike. Miti ilikatwa vilima vikabaki uchi. Lazima wale pia. Chakula cha msaada kilikuwa mahindi na maharage, nyama haikuwepo, basi nyama ilitoka porini. Iliuzwa gizani, na kwa mafumbo iliitwa mchicha wa usiku. Wanyama wa Burigi na Kimisi walipungua sana. Desemba 1996 wakimbizi walirudi kwao kwa daraja lilelile.

Na sisi wenyeji? Tulikula pia. Nyumbani kwetu nyama ile iliwahi kupikwa, na mimi sikuuliza ni nyama gani. Niliisimulia habari hii ndani ya gari. Watu wazima wawili watatu walitazama nje dirishani.

Kutoka eneo la Benaco iko barabara ya kwenda Bugene, Karagwe. Barabara hii inakata ndani ya hifadhi. Ukishika njia hiyo, mambo machache uyakumbuke. Mwendo ni polepole. Usishuke garini ila pale askari anaposema. Usirushe maganda ya ndizi kwa nyani. Nyani akizoea ndizi yako leo, kesho atakuja kuitafuta shambani. Vyoo ni vichache, kwa hiyo wenye watoto wajue mapema. Chakula tulibeba wenyewe: ndizi, maharage na uji kwenye chupa za chai. Na ondokeni mapema, maana giza likiingia lazima muwe mmetoka.

TULICHOONA

Kwa muda wa saa nzima hatukuona kitu. Wengine walianza kunung'unika kuhusu shilingi zao. Kisha askari akanyosha mkono, na vichwa vitatu vilikuwa juu ya miti. Twiga! Gari zima lilinyamaza. Mzee mmoja aliyenizidi miaka thelathini aliuliza kwa sauti ndogo, "Yeye akitaka kunywa maji, anafanyaje?" Askari akamweleza: anatanua miguu ya mbele, kisha anainama. Mzee akasema wakati huo simba angemkamata kwa urahisi. Askari akasema ndivyo hasa.

Tuliona pundamilia, nyamera juu ya kichuguu, na ndege ambao sikuwajua majina. Ziwa Burigi hatukulifikia. Tulikuwa tumechelewa kwa sababu ya pancha, na askari alikataa. Nilikasirika, lakini alikuwa na haki.

Tembo tuliwaona wakati wa kurudi. Walikuwa saba, na mdogo mmoja katikati. Dereva alizima injini. Mama yetu alisogea dirishani. Aliwatazama muda mrefu. Mimi nilingoja aseme neno la kuchekesha. Badala yake alimgeukia askari.

"Mwanangu," alisema, "hawa, Januari, mahindi yangu yakianza kukomaa, watakuwa wapi?"

Askari hakumdanganya. Alisema tembo ananusa mahindi kutoka mbali sana, na kwamba baadhi yao watakuja. Kisha alieleza mambo ambayo mimi Bwana Shamba nilipaswa kuyaeleza zamani. Tembo hapendi pilipili. Saga pilipili kali iliyokauka, changanya na oili chafu ya gari. Chovya vitambaa, vifunge kwenye kamba ya katani, zungusha shamba. Mvua ikinyesha, paka tena. Au changanya pilipili na kinyesi cha ng'ombe, finyanga matofali, yakauke, uyachome upande upepo unakotokea. Tena tembo anaogopa nyuki. Mizinga iliyoning'inizwa kwenye waya kuzunguka shamba inamrudisha, na asali ni yako. Ndani ya nyumba ya nyasi usihifadhi mahindi, maana ukuta wa nyasi kwa tembo ni mlango. Na shamba likiliwa, toa taarifa upesi kwa mtendaji wa kijiji, kwa sababu Serikali inatoa kifuta jasho, lakini kwa walioandikwa tu. Kifuta jasho hakilingani na hasara, alisema. Mama akajibu kwamba jina lenyewe linaonyesha.

Kisha mama alitoa daftari lake la kisomo kwenye mfuko. Akamwomba askari namba ya simu ya kuitia msaada. Askari alitaka kumwandikia. Alikataa. Akaandika mwenyewe, tarakimu moja moja, akamsomea, akasahihisha moja aliyokosea. Tembo walikuwa bado wamesimama pale.

Januari alizungusha kamba ya pilipili kwenye eka zake mbili. Usiku mmoja wa mvua kubwa pilipili ilioshwa. Saa 8 usiku alipiga ile namba. Askari walifika kabla ya mapambazuko na kuwafukuza. Nusu eka ilikuwa imeliwa. Eka moja na nusu ilibaki, na aliivuna.

Sasa tunachanga kwa safari ya Julai. Mama amelipa wa kwanza. Anasema mara hii tuondoke saa 11 alfajiri na tairi la akiba mbili, maana anataka kufika ziwani.