Kariakoo, mbele ya meza ya kompyuta

Anayeshuka mwendokasi Gerezani saa nne asubuhi hana haja ya kuuliza njia, anafuata umati tu. Jina la Kariakoo limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi cha Waingereza wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia, na mpaka leo mzigo haujakoma kupita hapo: marobota vichwani, mikokoteni, pikipiki zilizofungwa magodoro.

Mitaa ya Aggrey na Likoma ni ya simu. Lakini katikati ya vioo vya simu kuna fremu nyembamba ambamo kompyuta mpakato zimesimamishwa wima kama vitabu. Nyingi ni za mtumba, zilizomaliza zamu yake katika ofisi za ughaibuni. Vyuo vinapokaribia kufunguliwa, wazazi hujaa hapo wakiwa na hela mkononi na swali moja: ipi nzuri?

Mama mmoja kutoka Mbagala alifika na binti yake. Alikuwa na laki sita, mkopo wa kikoba, wa kurudishwa kidogo kidogo kila Jumapili.

"Mama, karibu. Ya binti hiyo? Chukua hii i7, hutajuta," alisema muuzaji.

"Mwanangu, i7 ndiyo nini?"

"Ndiyo kubwa, mama. Inaanza i3, inakuja i5, halafu i7."

Jibu hilo si uongo, ila ni nusu ya habari, na nusu iliyobaki ndiyo inayowaliza wazazi wengi. Prosesa ndiyo inayofanya hesabu zote za kompyuta, na haibadilishwi kirahisi kama betri. Kwenye mashine nyingi za aina hii imelehemiwa moja kwa moja. Ukikosea hapo, umekosea kwa miaka yote ya chuo.

Kinachotazamwa ni namba inayofuata baada ya kistari. Ile i7 ilikuwa 7600U, yaani kizazi cha saba, yenye viini viwili vya kufanyia kazi. Pembeni yake ilikaa i5 yenye mkwaruzo kwenye mfuniko, 8250U, kizazi cha nane, yenye viini vinne. Kwa hiyo "ndogo" ilikuwa na nguvu zaidi ya "kubwa". Zikifika 1135G7, tarakimu mbili za mwanzo ndizo zinazosomwa: kizazi cha 11.

Kizazi cha nane ni mpaka muhimu kwa sababu nyingine. Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inazikubali rasmi prosesa za Intel kuanzia kizazi hicho, ukiacha chache za kizazi cha saba. Upande wa AMD, Ryzen 5 3500U imo kwenye orodha, nayo ina viini vinne. Wapo mafundi wanaoilazimisha Windows 11 kwenye mashine za zamani. Inawaka, lakini mzazi anayetoa hela ya kikoba hana sababu ya kununua mabishano.

Herufi ya mwisho nayo ina maana. U ni ya matumizi madogo ya umeme, kwa kawaida wati 15 hivi. H hula zaidi, hupata joto, na inawafaa wacheza gemu na wahariri wa video. Kwa nyumba ambayo umeme hukatika binti akiwa katikati ya kazi ya mwalimu, U inatosha kabisa.

Binti ndiye aliyegeuza mambo. Aliomba zote mbili ziwashwe, akabonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, akafungua ukurasa wa utendaji na kumwonyesha mama yake: hapa viini viwili, hapa vinne. Muuzaji alicheka. "Huyu amekuja amejiandaa."

Akajaribu njia nyingine, akashusha boksi jipya lenye nailoni yake. Ndani kulikuwa na Celeron N4020 yenye RAM ya 4GB. Upya unavutia, na kwa kuandika barua tu ingetosha, lakini viini vyake viwili ni vya daraja la chini, na ukifungua kurasa kadhaa na somo la video kwa wakati mmoja inaanza kuhema.

Mama aliishika ile i5 yenye mkwaruzo. Ilikuwa na RAM ya 8GB na diski ya SSD. Bila SSD hata prosesa nzuri hungoja kama abiria wa daladala isiyojaa.

"Mwanangu, betri?"

"Saa tatu, mama."

"Basi chomoa waya. Tutakaa hapa hapa tuone."

Muuzaji akavuta stuli mbili. Binti akawasha video, mama akaangalia saa ya simu yake, na nje mkokoteni wa maboksi ukaomba njia.