Safari ya Ocean Road

Basi lilipokuwa likiteremka Kitonga, Mjomba alikuwa na leso kwenye jicho la kushoto. Lilikuwa halifumbi tena, na upepo ulilitoa machozi. Dirisha lenyewe alikataa lifungwe. Hakuna kati yetu aliyewahi kufika Dar es Salaam, na yeye alitaka kuona njia yote.

Nyumbani Iringa uvimbe uliomwota mbele ya sikio hilo la kushoto ulishapewa majina. Machubwichubwi, walisema, mdomo ulipopinda wakasema kiharusi. Daktari wa Muhimbili hakuanza na mashine. "Mzee, kunja uso. Haya, piga mluzi." Paji likakunjamana upande mmoja tu, na mluzi ukawa upepo mtupu. Kiharusi, alinieleza, kwa kawaida hakiligusi paji. Hapa kilichobanwa ni mshipa wa fahamu wa uso, ambao hupita ndani ya tezi ya mate. Akachota chembe kwa sindano, baadaye kikakatwa kinyama.

Majibu yakatoka: saratani ya mirija ya tezi ya mate. Ni adimu, ni kali, na huwapata zaidi wanaume waliovuka miaka 50. Mjerumani Kleinsasser na wenzake walipoieleza mwaka 1968, walisema inafanana na saratani ya titi.

"Titi? Mimi?" Mjomba akacheka kwa upande wa mdomo uliobaki.

Daktari hakuwa anatania. Kinyama hupimwa protini iitwayo HER2, kama kile cha mwanamke mwenye saratani ya titi, na hupimwa pia vipokezi vya homoni za kiume, ambavyo wengi wa wagonjwa hawa wanavyo. Ugonjwa ukisambaa, dawa ya titi au ya tezi dume huweza kumfaa mtu mwenye uvimbe wa shavu. Hilo lilinishangaza kuliko bahari. Nilidhani saratani huitwa na kutibiwa kwa mahali ilipoota, basi.

Upasuaji uliondoa tezi nzima, matezi ya shingo, na mshipa uliokwisha kuliwa. Uso haukurudi, tulishaambiwa. Kisha mionzi Ocean Road, kwenye hospitali iliyojengwa na Wajerumani, siku tano kwa wiki, kichwa kikibanwa kwa kinyago cha plastiki kisitikisike. Mate yakapungua, ugali ukawa haupiti. Binamu wa Mbagala tuliyefikia kwake akaanza kupika mlenda kila jioni, na Mjomba, ambaye Iringa alikuwa haugusi, akawa anaomba aongezewe.